Akina Bukuru Wamekuaga

Kibondo, Jumapili, tarehe 13 Desemba 2015. Mwezi wa saba sasa tangu niondoke nyumbani Muyama.

Butoyi mwanangu,

Bwana Idi, yule mwenye duka la vitenge karibu na stendi ya Kasulu, ameleta mzigo hapa Kibondo na ataondoka akishaswali alasiri. Nimemwomba anisubiri. Akaniambia, "Andika, mzee wangu, lakini usiandike kitabu. Mvua ikianza, hii barabara haina rafiki." Kwa hiyo naandika haraka, nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, chini ya turubai letu sisi vibarua. Zabroni, nyapara wetu, amelala pembeni na anakoroma. Barua hii Bwana Idi atakuletea kwa shangazi yako Kasulu jioni ya leo, na kesho alfajiri basi lako la Dar linaondoka.

Sikuulizi kama umefunga mizigo. Mambo ya nguo za baridi, ya chakula cha wenyeji, ya mahali pa kushonea pasipoti, mama yako amekwisha kukueleza. Mimi siyajui. Sijapanda ndege, bahari nimeiona kwenye kalenda tu, na shule niliishia darasa la tano. Naandika kwa sababu ya maneno yako ya Ijumaa kwenye simu.

Ulisema, "Baba, mimi siendi."

Nikakuuliza huendi wapi.

"Siendi popote. Pacha hatoki safari ndefu bila mwenzake kumuaga. Bibi alisema hivyo, na wewe ndiye uliyetulea hivyo. Nitangoja mpaka umalize kumtafuta. Nitawaandikia waniwekee nafasi mwakani." Halafu ukaniuliza, "Baba, kuna kitu unanificha. Bukuru yupo au hayupo?"

Nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima. Sikuwa na jibu linaloingia kwenye simu, na ningeanza kulisema ungelia, nami ningenyamaza, tungeachana hivyo. Karatasi hainikatizi. Nisome mpaka mwisho ndipo uamue.

Nianze na siku uliyokuja kunitembelea Kasulu mwezi wa saba, nilipokuwa nachimba vyoo kwenye kambi ya kule kabla hawajatuhamishia huku. Tulikaa kwa mama muuza chai, nikakuambia nieleze hiyo kazi unayotaka kwenda kuisomea mpaka Afrika Kusini, nieleze kama unavyomweleza mtu mjinga. Ukacheka. Ukasema, "Baba, unga ukitoka mashineni unakuwaje?" Nikasema unakuwa wa moto. "Kwa nini, wakati mahindi yaliingia yakiwa baridi?" Nikasema kwa sababu ya kusuguana. Ukasema basi, hapo umekwisha kuelewa nusu.

Ukanieleza kwamba ziko nyota zinazokaa mbili mbili, na katika baadhi ya jozi hizo mmoja alikwisha kufa akajikunja mpaka akawa shimo jeusi, zito mno, hata mwanga hautoki humo. Yule aliyebaki anaendelea kumzunguka mwenzake asiyeonekana, na mwenzake anamvuta, anamnyonya kidogo kidogo. Kinachonyonywa hakidondoki moja kwa moja kama jiwe kisimani. Kinazunguka kwanza, kinasuguana, kinapata moto usio na mfano, ndipo kinatoa mwanga ule usioonekana kwa macho, wa eksirei, ule ule walionipigia picha ya mkono hospitali ya Kasulu nilipovunjika. Ukasema hewa yetu inauzuia, ndiyo maana vyombo vya kuutazama vinarushwa juu kabisa. Na huo mwanga hautulii. Unapanda, unashuka, unatetemeka upesi kuliko kupepesa jicho, na kazi yako ni kuusoma huo mtetemeko.

Nikakuuliza, "Kwa hiyo shimo lenyewe hamlioni?"

Ukasema, "Hatulioni, baba. Tunaona kinachoanguka. Na kikishavuka mpaka wa shimo, hakitoi habari tena. Habari zote tunazopata ni za kabla ya mpaka."

Ukanisimulia moja lililokuwa limelala zaidi ya miaka ishirini, kimya, likaamka mwezi wa sita mwaka huu huu, likawaka hata wenye darubini ndogo za nyumbani wakaona nyota ikichezacheza. Ulikuwa unasimulia mpaka chai yako ikapoa. Mimi nilitazama pembeni. Ulifikiri vumbi limeniingia machoni. Nilikuwa namuwaza ndugu yako.

Sasa nikusimulie asubuhi ya Mtabila. Habari unayo, ila upande wangu hujausikia, kwa sababu nilikuwa nakatisha kila mtu aliyeniuliza. Ulikuwa shuleni. Ilikuwa mwisho wa mwaka 2012, kambi inafungwa, malori yanawabeba Warundi kuwarudisha kwao. Mimi na Bukuru tulikuwa tumepeleka ndizi mbivu kuuza, kwa sababu msafiri hula. Watu walikuwa wengi, kuku wamefungwa miguu, milango ya nyumba imeng'olewa na kupandishwa kwenye malori, watoto wanalia. Bibi mmoja alishindwa kupandisha furushi lake, Bukuru akaruka juu ya lori amsaidie. Unamjua, mtu wa kurukia kila kitu. Akawa amesimama kule juu, anashikishwa mtoto wa huyu, godoro la yule, na anaongea nao Kiha chake, wao wanamjibu Kirundi chao, huwezi kujua nani ni nani. Lori likaondoka.

Akaniona. Akapunga mkono huku akicheka. Nami nikacheka! Nikawaambia wenzangu, "Mtazameni huyo mjinga, amekwenda Burundi. Atashuka Kasulu arudi kwa miguu, ndipo atapata akili." Tukacheka wote. Nikaendelea kuuza ndizi.

Hakushuka Kasulu. Baada ya majuma kadhaa mtu wa Manyovu, kule mpakani, alituletea salamu kwamba amefika upande wa pili, ni mzima, amepata marafiki, anaangalia maisha kidogo halafu atarudi. Hizo ndizo zilikuwa habari zetu za mwisho, kama zako za kabla ya mpaka wa shimo. Baada ya hapo hakuna.

Kicheko kile ndicho kinachonirudia. Huwa nakisikia nikiwa ndani ya shimo nachimba, juu malori yanapita yakileta watu, na mtu fulani kule juu anacheka. Kila mara nasimamisha sululu. Wenzangu wameshazoea, siku hizi hawaniulizi.

Nataka nikuambie pia nyumba yetu iligeuka nini, kwa sababu wewe ulikuwa Dar ukisoma na ulikuwa unaona likizo tu. Unajua desturi ya bibi yako: ukimpa pacha kitu, mwenzake naye apate, ukikata muhogo, unakatwa nusu kwa nusu, na kama mmoja hayupo, nusu yake inawekwa. Mlivyokuwa wadogo ulikuwa unamkatia nusu hata ya peremende kwa meno. Bukuru alipoondoka, mimi niliishika desturi hiyo kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Nilikataza kitanda chake kisisogezwe. Sahani yake iliwekwa mezani kila siku. Ciza, mdogo wenu, alikuwa analala chini kwenye mkeka, na kitanda kizima cha kaka yake kipo kitupu pembeni. Siku moja mtoto akaniuliza, "Baba, na mimi nikiondoka mtaniwekea sahani?" Nilimfokea. Mama yako akasema taratibu, bila kuniangalia, "Amekuuliza vizuri tu."

Nilikuwa sioni. Nyumba nzima ilikuwa inamzunguka asiyekuwepo, na sisi tuliopo tulikuwa tunasagika. Nilipokusikia pale kwa mama muuza chai ukieleza nyota inavyomzunguka mwenzake na kunyonywa, nilijua nyumba hiyo, nimekaa ndani yake.

Mwezi wa tano, vurugu za Burundi zilipopamba moto na watu wakaanza kumiminika tena, nilimwambia mama yako nakwenda kutafuta kibarua kambini. Akasema, "Sema tu unakwenda kumtafuta." Nikasema nakwenda kuchimba vyoo. Yote mawili yalikuwa kweli. Na uliponisimulia lile shimo lililoamka, nikaligeuza hirizi. Nikasema kama lile lilinyamaza miaka yote hiyo likaamka mwaka huu, basi na wangu ataamka mwaka huu. Wewe ulinieleza elimu, mimi nikaifanya ramli. Usikasirike. Mtu mwenye njaa hula na mbegu.

Huku Kibondo wamefungua upya kambi ya zamani, ile iliyofungwa miaka mingi nyuma. Tunachimba mahali palipowahi kuchimbwa. Unapiga sululu, unasikia ardhi imelegea, Zabroni anapiga kelele, "Toka hapo! Hilo ni shimo la watu wa kwanza!" Tunahama hatua chache. Udongo uliowahi kufunguliwa haushikani tena kama mwanzo, hata majani yaote juu yake. Mara tunatoa kandambili ya mtoto, mara kijiko, mara taa ya chemli iliyopondeka. Warundi wenyewe wengine waliwahi kukaa hapa wakiwa wadogo. Mama mmoja alisimama pembeni ya shimo letu akasema, "Hapo palikuwa na mlango wetu," kisha akaenda kupanga foleni ya maji.

Zabroni alipojua unasomea nini alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo binti anatafuta mashimo mbinguni, baba anachimba mashimo ya choo. Huu ni ukoo gani?" Mwingine akadakia, "Bora yale ya binti, hayanuki." Kuanzia hapo wananiita Baba Mashimo. Nikichelewa asubuhi wanasema, "Huenda ameangukia la binti yake."

Sasa kosa langu la kwanza la hapa. Watu wa huko uendako watakuuliza maana ya jina lako, nawe utawaeleza kwamba kwetu mapacha hawachaguliwi majina: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, anayezaliwa baada yao ni Ciza. Na kwa Warundi ni hivyo hivyo. Nami kama mtu asiye na akili nikaingia kambini nikatangaza, "Namtafuta kijana anaitwa Bukuru, alimwacha Butoyi." Kesho yake walikuja akina Bukuru foleni nzima! Wazee, vijana, mwingine mama mwenye wajukuu. Mmoja mrefu mwembamba akaniambia, "Mzee, mimi ndiye Bukuru, na Butoyi wangu tulipoteana njiani. Wewe si baba yangu, lakini nimekuja tu, huenda unamjua." Nikamwambia simjui. Akasema, "Haya." Akasimama pale muda kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Kosa la pili ni baya zaidi, na ndilo linalohusu kazi yako. Nilianza kueleza alama zake. Nikasema ana kovu kidevuni, anapenda kupiga mluzi, anacheka kwa sauti. Baada ya siku mbili kambi nzima ilikuwa imemwona kijana mwenye kovu kidevuni anayepiga mluzi. Mmoja alimwona Rutana, mwingine Makamba, mwingine ndani ya boti ziwani, wote siku ile ile moja. Hawakuwa waongo, Butoyi. Walikuwa watu waliokimbia bila kitu, wanamwona mzee analia, wakampa kile kimoja walichokuwa nacho cha kutoa. Nami nilikipokea. Kila neno nililikimbilia, nikapanda malori kwenda mpaka Manyovu, nikarudi mtupu.

Nikakumbuka ulivyonieleza siku ile ya chai kwamba uliwahi kuona katika ule mwanga mapigo yanayojirudia kwa mpango, ukafurahi usilale, na mwalimu wako akakuamuru utupe kazi yote. Akakuambia mwanga unaochezacheza utakuonyesha chochote ulichokuja nacho kichwani. Wakati ule nilimwona mwalimu huyo mkatili. Sasa namuelewa. Nilikuwa nawapa watu jibu, halafu nawashukuru wakinirudishia.

Nikaacha. Kuanzia mwezi wa kumi sikutaja kovu wala mluzi wala jina. Nilikuwa nauliza tu, "Huko mlikokuwa, kulikuwa na mtu wa upande wetu?" Halafu nafunga mdomo. Kufunga mdomo ni kazi ngumu kuliko sululu.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye kile ulichoniuliza. Majuma matatu yaliyopita alifika mwanamume mmoja anaitwa Salvatori, fundi wa matofali kutoka milima ya Makamba. Aliishi Kongo zamani, Kiswahili chake ni cha huko. Nilimuuliza swali langu lile lile, akiwa anakula.

Akasema, "Iko mmoja, papa. Tulikuwa tunamwita Mutanzaniya. Alikuwa anapiga matofali pamoja na siye. Kijana wa nguvu, anachekaka sana."

Nikamsogezea maji ya kunywa.

"Lakini alikuwa na kitu kimoja, vraiment, kweli kabisa, hatukuelewa. Ukimpa muhogo, anaukata katikati. Nusu anakula, nusu anaweka pembeni. Tukamwambia, wee, unamwekea nani? Eti anamwekea dada yake. Dada yuko wapi? Eti yuko shuleni. Tulimcheka! Jioni ile nusu anampa mtoto yeyote mwenye kupita."

Butoyi, hilo la muhogo sikuwa nimemwambia mtu yeyote hapa. Wala Zabroni. Ningekuwa nimelitaja hata mara moja, nisingekuandikia.

Nilimuuliza yuko wapi sasa. Akasema mwezi wa nne, risasi zilipoanza kusikika mji wa pili, kila mtu alishika njia yake. Mutanzaniya aliwabeba watoto wa tajiri wa matofali akaelekea upande wa ziwa. Salvatori mwenyewe alipita porini. Hakumwona tena. Nilimuuliza kwa njia zote, siku tatu mfululizo, mpaka akaniambia kwa upole, "Papa, kama ningekuwa na zaidi ningekupa. Sina."

Basi hilo ndilo nililokuwa nalo mfukoni Ijumaa. Ninachokijua ni kwamba mpaka mwezi wa nne mwaka huu ndugu yako alikuwa hai, na alikuwa anakukatia nusu. Nisichokijua ni chochote baada ya hapo. Nimejaribu kukisukuma mbele kidogo, nikasema aliyebeba watoto lazima alifika, nikasema ziwa mwezi ule lilikuwa tulivu. Hayo ni yangu, si ya Salvatori. Nakupa ya Salvatori peke yake. Ya kwangu nimeyaacha huku.

Sikukuambia mapema kwa sababu niliogopa ungeacha safari uje kukaa nami hapa getini, tutazame nyuso pamoja. Ningekufurahia, hilo nakiri. Tungekaa wawili tukingoja, na mwaka mwingine ungepita, na baada yake mwingine. Nimeona watu wa namna hiyo hapa. Yuko mzee mmoja, kila lori likifika anasimama mahali pamoja, na wajukuu zake wawili alionao wanakwenda kuchota maji wenyewe bila mtu wa kuwasaidia. Nilimsikitikia sana, mpaka siku moja Zabroni akaniambia, "Na Ciza wako, nani anamwangalia?"

Sasa kuhusu kuagwa. Sikudharau neno la bibi yako. Mama yako naye analishikilia, amenitumia ujumbe kwamba roho yake haitulii. Nimelala nalo tangu Ijumaa. Jana Jumamosi hatukuwa na kazi mchana. Nikatoka, nikawafuata akina Bukuru wote ninaowajua humu kambini, mmoja mmoja, kwenye maji, kwenye foleni ya chakula, kwenye mahema yao. Niliwaambia hivi: "Butoyi anaondoka safari ndefu. Bukuru wake hayupo. Nimekuja unisaidie kumuaga."

Nilidhani watanicheka. Yule mama mwenye wajukuu aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mwambie aende. Mimi nimebaki. Aende bila kugeuka." Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Aende, lakini asirudi mikono mitupu, mimi navaa viatu namba arobaini na mbili." Mwingine ni mtoto wa miaka sita hivi, mama yake alimsukuma mgongoni atoe shikamoo kwanza, halafu akasema kwa aibu, "Safari njema, Butoyi," na Butoyi wake alikuwa amesimama hapo hapo, akashtuka akasema, "Mimi siendi!" Tulicheka wote.

Wa mwisho alikuwa yule mrefu mwembamba aliyepotelewa na Butoyi wake njiani. Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Nikataka kumwomba radhi niondoke. Akasema, "Mzee, mimi wangu sikumuaga. Tulikuwa tunakimbia." Halafu akaniuliza jina la mahali unapokwenda, nikamtajia. Akalirudia mara mbili alishike. Akasimama wima kama mtu anayeitwa mahakamani, akasema kwa Kirundi, polepole, maneno yale yale ya bibi yako: nenda, mimi nimebaki, njia yako ni yangu. Sijui nani alimfundisha. Labda kwao wanasema hivyo hivyo.

Najua hao si yeye. Usidhani baba yako amechanganyikiwa. Wewe mwanasayansi utasema akina Bukuru wengi hawamfanyi mmoja. Ni kweli. Lakini kila mmoja wao alikuwa na Butoyi akilini aliposema, na wengi wao hawakupata nafasi ya kumwambia wao wenyewe. Walikutolea wewe maneno hayo kwa moyo mzima. Mimi nimeona yametosha. Nimemtumia mama yako ujumbe kwamba umeagwa, akajibu neno moja tu, "Asante." Neno hilo sikuwa nimelipata kwake tangu mwezi wa tano.

Kwa hiyo nenda ukatazame huo mwanga wako. Nina ombi moja tu juu ya hiyo kazi, na si amri. Uliniambia vile vyombo vya juu haviangalii mahali pamoja, vinazunguka mbingu nzima, kwa sababu hakuna anayejua ni lipi litakaloamka. Uishi hivyo hivyo. Mimi nilitazama mahali pamoja. Nilipita mbele ya watu maelfu nikitafuta kidevu kimoja, na nyumbani kulikuwa na kijana mwingine amelala kwenye mkeka, na mwanamke anapanga sahani bila kusema. Na kama usiku mmoja huko ukiona katika mtetemeko huo kitu unachokipenda mno, kikufanye uogope kidogo. Muulize mtu ambaye hujamwambia unachotafuta.

Bwana Idi ameshamaliza kuswali, anafunga turubai la lori lake. Ameniita mara moja, na mawingu upande wa Kakonko ni meusi. Nimalizie.

Ijumaa ulisema utangoja mpaka nitakapomaliza kumtafuta. Katika miezi yote hii mama yako alikuwa akiniuliza nitarudi lini, nami sikumtajia siku hata moja, kwa sababu anayetafuta hana tarehe. Leo nimemwambia Zabroni atafute mtu wa kushika sululu yangu. Salvatori anabaki hapa, na amenipa mkono kwamba akisikia lolote atalituma kwa simu, naye hatawauliza watu kwa kuwapa jibu, nimemfundisha.

Nitarudi Muyama Jumamosi ya mwisho ya Januari, maharage yakianza kukauka shambani, kwa basi la asubuhi. Ciza nimekwisha kumwambia alale kitandani.

Baba yako